Buti za mbwa mwembamba: usinunue kwa kilo

Mwezi huu barua zimekuja tatu zinazouliza kitu kimoja, viatu vya mbwa. Najua kuna msomaji ameshaanza kucheka hapo alipo, acheke tu, mimi pia nilicheka mpaka siku nilipofuga wipeti, mbwa mwembamba wa mbio, kule Uingereza akakanyaga chupa. Nimezijibu zote tatu, ya kwanza ndefu zaidi maana ndiyo yenye kesi yenyewe.

Swali

Anko shikamoo. Niko Minneapolis huku Minnesota, nafanya kazi ya kuangalia wazee, na mwaka jana tulichukua mbwa, greihaundi aliyestaafu mashindano, dume, kilo 31, miguu kama fito. Watoto ndio walimtaka, baba yao akakataa kabisa, na sasa huyo baba ndiye analala naye kwa kochi. Shida ni winter. Theluji yenyewe anavumilia, lakini wakishamwaga ile chumvi ya barabarani anaenda hatua kumi hivi anasimama, anainua mguu mmoja, anashusha anainua mwingine, halafu ananiangalia kama ni mimi nimeimwaga. Nikanunua buti, kwa paketi waliandika L ni ya mbwa wa kilo 27 mpaka 36, nikaona basi ni hiyo. Siku ya kwanza mbili zilitoka kabla hatujafika kona, ya tatu ikazunguka mpaka soli ikawa juu, na ya nne sijaiona mpaka leo, labda theluji ikiyeyuka. Kesho yake nikakaza sana hizo zilizobaki, jioni nikapata amechubuka huku mbele pale penye ule ukucha wa juu. Mume wangu anacheka tu, anasema kwao Nyamira mbwa alikuwa anavaa vumbi. Ni saizi gani ninunue, ama ni aina gani, ama niachane nayo nikuwe nambeba?
— Mama Watatu, Minneapolis

Jibu

Marahaba mama. Kilo 31 usibebe, huo mgongo unauhitaji kazini.

Kosa siyo lako, kosa ni la ile paketi. Kumuuzia mbwa kiatu kwa kilo ni sawa na wewe uingie Bata muuzaji akupeleke kwenye mizani badala ya kukuuliza unavaa namba ngapi. Muweke labrador wa kilo 31 pembeni ya huyo wako halafu angalia chini. Labrador unyayo wake ni wa duara, umejaa, kama andazi. Wako ni mrefu mwembamba, vile vidole viwili vya katikati vimetangulia mbele ya wenzao, ndo maana wafugaji wanauita mguu wa sungura, na ule wa duara wanauita mguu wa paka. Buti nyingi za madukani zimekatwa kwa mguu wa paka. Sasa mguu wa sungura ukiingia humo, pembeni kunabaki nafasi, mbwa akigeuka kona mguu unageuka, buti inabaki inatazama ilikotoka. Hiyo ndiyo soli yako ya juu. Ukikaza mkanda hujatibu kitu, umekaza juu wakati nafasi iko chini.

Kwa hiyo tupime. Kwanza mkate kucha, ukipima kucha zikiwa ndefu unampimia kucha hujampimia mguu, na kucha ndefu ndizo zinazotoboa buti kwa mbele. Kisha weka karatasi sakafuni, sio kwenye kapeti, msimamishe juu yake, halafu mtoto mmoja amuinue ule mguu wa mbele wa upande wa pili ili uzito wote ushuke kwenye huu unaoupima. Mguu ukiwa hewani unadanganya, ukibeba uzito vidole vinatanuka. Piga alama kwa penseli kushoto na kulia pale penye upana mkubwa, shikilia penseli wima usiilaze kwa ndani, halafu alama nyingine nyuma ya lile donge kubwa la unyayo na nyingine kwenye ncha ya kucha ndefu kuliko zote. Mwondoe, chukua rula. Rudia kwa miguu ya nyuma, usiseme si mbwa ni huyo huyo, miguu ya nyuma mara nyingi ni midogo kuliko ya mbele na kuna mbwa wanaovaa saizi mbili tofauti. Kama duka linauza mbili mbili badala ya nne nne, hilo ndilo duka lako.

Sasa sema umepata upana sentimita 5.8. Hiyo ni kama inchi 2 na robo na kidogo. Kampuni kama Ruffwear ya Oregon saizi zao ni za upana wa unyayo kwa inchi, zinapanda robo kwa robo, na wenyewe wanasema ukiangukia katikati ya saizi mbili shuka usipande. Mimi naongeza, kwa mbwa mwembamba shuka bila kufikiria mara mbili. Zile L zako hebu zipime ndani kwa rula, naamini utakuta zimepita sentimita 7, yaani mguu wa mwanao kwenye kiatu cha baba yake. Usizitupe lakini, huko mtaani kwenu hakukosi mwenye labrador.

Ila kuna mtego hapa na watu wengi ndipo wanapokwama. Ukichagua kwa upana peke yake, mguu wa sungura unaweza kukosa urefu, upana umekaa vizuri lakini kucha za katikati zinagonga mbele kila hatua, na mbwa hasemi, anaanza tu kukataa kutoka nje. Ukimvalisha bonyeza mbele kwa kidole gumba usikie kucha ziko wapi, panatakiwa pabaki nafasi ndogo, hata nusu sentimita inatosha. Kama upana na urefu vinagombana, sikiliza urefu, halafu ule upana uliozidi ujaze na soksi. Kuna soksi za mbwa zinauzwa kwa kazi hiyo lakini soksi za mtoto mchanga zinafanya kazi ile ile, mshono uangalie juu usikae chini ya unyayo.

Kuhusu huo mchubuko. Kamata mguu wake wa mbele upapase kutoka chini kwenda juu. Juu kidogo ya unyayo panabana, pamebaki mfupa na mishipa na ngozi tu, nyama hakuna, halafu juu yake ndo unakuta ule ukucha wa pembeni. Mkanda unatakiwa ukae hapo pembamba, chini ya ukucha. Wako naona ulikaa juu ya ukucha wenyewe, na ngozi ya greihaundi ni nyembamba inachanika kirahisi kuliko mbwa wengi, kwa hiyo mwache apone kwanza, hata kama ni wiki nzima. Akishapona zungusha mara moja ile bandeji inayojishika yenyewe, isiyo na gundi, juu ya ukucha, bila kuivuta, ndo uvalishe. Ukimaliza kufunga pitisha kidole chako kidogo chini ya mkanda, kisipopita umekaza, kikipita na mwenzake umelegeza. Na ukiweza tafuta buti yenye shingo ndefu laini kama soksi na mikanda miwili, hiyo inashikwa na mguu kwa urefu, haitegemei kamba moja iliyomnyonga hapo mfupani.

Aina sasa. Kwa chumvi peke yake, zile safari fupi za kwenda kukojoa, mimi ningeanza na zile za mpira kama puto, Pawz ndiyo inayojulikana zaidi, zinakuja 12 kwenye pakiti na kila saizi ina rangi yake. Hazina soli, hazina joto lolote, lakini kwa mguu mwembamba zina raha yake kwa sababu zinakumbata, hazina pa kuzunguka. Kuzivalisha ndo kazi, unatanua mdomo wa puto kwa vidole vinne huku mtu mwingine anasukuma mguu, mara ya kwanza mtagombana nyumba nzima. Usimwache nazo muda mrefu manake hazipumui na ule mpira wa juu unabana, akiingia ndani vua. Kwa matembezi ya kweli nunua yenye soli, lakini soli inayokunjika, ishike kwa mikono miwili uikunje, ikikataa kukunjika mkononi mwako na mguuni itakataa. Mbwa mzito mwenye mguu wa duara anaweza kuilazimisha soli ngumu, greihaundi anatembelea vidole virefu vinavyokunjika kila hatua, soli ngumu inamfanya atembee kama amevaa mbao.

Zipo pia zile za kitambaa za mbwa wanaovuta sleji, yale magari ya kuteleza juu ya theluji. Kwenye mashindano ya Iditarod kule Alaska sheria inataka kila mbwa awe na buti nane, alizovaa na za akiba ndani ya sleji, ujue wale wenye ujuzi wa miaka wanajua zinapotea na zinachanika. Ni mfuko tu wa kitambaa na mkanda wa velkro, bei yake ndogo, nyembamba zinapatikana. Kwenye theluji ni nzuri sana, kwenye saruji iliyokwanguliwa hazimalizi mwezi.

Kabla ya kutoa hata dola moja nyingine lakini, mlaze huyo mbwa, washa tochi ya simu, angalia chini ya vidole kimoja kimoja. Greihaundi waliostaafu mbio wanasumbuliwa sana na sugu, kidonge kigumu cha mviringo katikati ya kile kidonge laini cha kidole, kama mtu kamwekea kokoto ndani. Dalili yake ni kwamba kwenye kapeti na kwenye nyasi anatembea freshi, ukimpeleka kwenye saruji anachechemea au anainua mguu. Wewe umesema anainua mguu, na mimi nakubali ni chumvi, lakini kama hata kiangazi kwenye njia kavu alikuwa anafanya hivo basi mwonyeshe daktari wa mifugo, usimkwangue mwenyewe na wembe. Buti yenye soli nene laini ndani inamsaidia huyo pia, ila hiyo ni ya kila siku siyo ya winter tu.

Siku ya kuanza msimpeleke nje moja kwa moja. Ndani, jioni, buti mbili za mbele tu, dakika tano, huku anapewa vipande vya kuku. Atainua miguu juu kama anavuka mtaro, watoto watacheka watarekodi video, sawa, waacheni. Kesho yake nne. Siku ya tatu mlangoni. Mkitoka, kila kona hesabu miguu, moja mbili tatu nne, kama kondakta anahesabu abiria. Na akiwa na buti usimfungulie kamba akimbie, mbwa wa aina hiyo anafika kilomita 60 na zaidi kwa saa, buti ikigeuka kwenye hiyo spidi anaumia bega au kifundo na hapo dola ulizonunulia buti utazikumbuka kwa upendo.

Mkirudi vua zote, osha miguu na maji ya vuguvugu, kausha katikati ya vidole, hata kama alivaa, maana chumvi inaingia kwa juu na akiilamba inamchafua tumbo. Usimwache na buti ndani ya nyumba. Mbwa jasho lake linatokea kwenye nyayo, mimi huyo wipeti wangu nilimsahau nazo mchana kutwa nikiangalia mpira, navua usiku nakuta katikati ya vidole pamekuwa pekundu pananuka kama viatu vya mwanafunzi wa bweni, wiki mbili za dawa.

Mume wako mwambie Nyamira hawamwagi chumvi barabarani.

Swali

Assalam alaykum. Mie niko Maskati, upande wa Seeb, nnae saluki jike wa miaka mitatu, mwembamba ukimtazama kwa ubavu utamuona, ukimtazama kwa mbele hayupo. Bibi yangu Unguja akisikia nafuga mbwa ataniombea dua, lakini huyu saluki ndo wale mabedui walokuwa wakilala nao hemani, kwa hivo nshajitetea. Sasa joto likija hapa lami haikanyagiki. Nataka buti lakini miguu yake ina manyoya marefu katikati ya vidole na kila nlojaribu velkro yake inamng'oa manyoya, analia. Na je akivaa buti naweza kumtoa mchana?
— Mtu wa Seeb

Jibu

Waalaykum salaam. Hilo la mwisho nalijibu kwanza: hapana. Buti inakinga unyayo, haimkingi mbwa. Mbwa anajipoza kwa kuhema na mdomo wazi, na hewa ya nyuzi 42 akiivuta anavuta moto juu ya moto. Mimi ninachokiogopa kwenye hizi buti za joto ni hicho hicho, mtu anavalisha halafu anajiona kaipiga chenga saa saba mchana. Bila buti mbwa angekataa kutoka na angekuwa na akili kuliko mwenye kamba.

Lami yenyewe ni balaa, hewa ikiwa nyuzi 25 tu na jua kali lami inaweza kupita 50, sasa piga hesabu yenu ya Juni. Weka mgongo wa kiganja chini, hesabu mpaka saba polepole, ukishindwa wewe na yeye hawezi. Na usidanganywe na Magharibi, jua limezama lakini lami bado inarudisha moto wa mchana, mjaribu baada ya Alfajiri, ndo saa ya saluki. Kama mnakwenda wadi, yale mabonde yenu ya mto mkavu, au ufukweni alfajiri na mchanga umepoa, mwache miguu mitupu, miguu yake imeumbwa kwa mchanga.

Buti ni kwa vile vipande usivyoweza kuvikwepa, kutoka mlangoni hadi kwenye gari, parking, mlangoni kwa daktari. Kwa hiyo hutaki zile za kwenda mlimani. Chukua nyepesi, juu iwe ya wavu wavu ipumue, chini mpira mwembamba, bila manyoya ndani. Zile za puto kwenye joto la kwenu usinunue, ni kumpika mguu kwa jasho lake. Vipimo ni vile vile nilivyomwambia mama wa Minneapolis hapo juu, upana kwanza, uzito wote mguuni, ukiangukia katikati shuka, ila wewe uyalowanishe kidogo yale manyoya kabla ya kupima, manyoya makavu yanaongeza nusu sentimita ya uongo.

Habari ya velkro. Usinyoe miguu ya saluki, yale manyoya yana kazi yake, yanakinga ngozi laini iliyo katikati ya vidole. Chukua soksi ya mtoto, nyembamba ya pamba, mvalishe, manyoya yote yakiwa ndani yamelala kuelekea chini, halafu buti juu ya soksi, halafu kunja mdomo wa soksi nje juu ya mkanda. Sasa velkro inakutana na soksi haikutani na mbwa wako. Ukirudi kung'uta buti, mchanga unaingia kwenye ule wavu na punje tatu zinatosha kumchubua.

Swali

Niaje Anko, niko Likoni, niko na mbwa wa kienyeji, mrefu mwembamba, alikanyaga glasi pale feri, daktari amemshona chini ya mguu amemfunga bandeji, amesema isilowe wiki mbili. Buti za online bei ni ya mbwa wenyewe. Kuna fundi wa akala hapa anasema atanitengenezea kwa 300. Nimpe?
— Kijana wa Likoni

Jibu

Pole kwa mbwa, na hongera kwa kumpeleka akashonwa. Huyo fundi mpe kazi lakini usimpe akala. Tairi ni gumu na zito, kwako wewe safi, kwa mguu mwembamba ulioshonwa litakuwa linagonga kidonda kila hatua. Mpelekee turubai kuukuu au mguu wa jinsi, tyubu ya pikipiki iliyokwisha, na velkro ya begi la shule la zamani, hivo vitu vyote havifiki hiyo 300, hiyo iwe ya mkono wake.

Chora mguu kwenye karatasi ukiwa na bandeji yake, akiwa amesimama, ongeza sentimita moja kuzunguka pamoja na ya mshono. Akate vipande viwili vya turubai vyenye umbo la kikombe kirefu, ashone pembeni na chini, asigeuze, mshono ukae nje, asiuache ndani ukakwaruze. Chini abandike na kushona kipande cha tyubu, upande wa mpira wenye mikunjo uwe nje usiteleze. Mkanda wa velkro upite pale pembamba juu ya unyayo. Raba bendi marufuku, kamba ya kiatu marufuku, raba bendi inazama kwenye manyoya huioni, kesho mguu umevimba, keshokutwa unaongelea kukata.

Hiyo buti ni ya nje tu. Akirudi vua, bandeji ipate hewa. Kukiwa na mvua au tope ongeza mfuko wa nailoni kati ya bandeji na buti, dakika za kwenda na kurudi basi. Ukiona vidole vimevimba au bandeji inanuka usisubiri wiki mbili ziishe, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na mwambie fundi ashone mbili za mguu huo huo, moja lazima ataila.